Kitabu Nilichokijaza Malaria

Juzi mliniita pale hospitali niongee na nyie mnaoanza kazi. Mkanipa dakika kumi na soda. Dakika kumi nilizimaliza kwa kusalimia tu, na soda yenyewe ilikuwa ya baridi, na mimi meno yangu mnayajua. Basi nimeona niandike. Msome mkiwa mmekaa, na asiyetaka asisome, simshikii mtu fimbo.

Mimi ni Subilaga, wengi mnaniita Sista Subi. Nimeuguza watu Tukuyu tangu enzi za kuchemsha sindano mpaka nyie mlipoanza kubonyeza vishikwambi. Mkiniuliza nilikuwa fundi wa nini hasa, sitasema kuzalisha wala kutundika dripu. Nilikuwa fundi wa kujaza kitabu cha wodi: jina la mgonjwa, umri, anakotoka, ugonjwa, ametokaje, mzima au maiti. Mwandiko wangu ulisifiwa mpaka Mbeya. Na katika kazi zangu zote, hiyo ndiyo niliyoiharibu vibaya kuliko nyingine. Nawaeleza nilivyoiharibu kwa sababu na nyie mtashawishika kufanya hivyo hivyo, tena mtajiona mnatenda wema.

Kwanza mjue tulivyokuwa. Glovu tulikuwa tunazifua. Ndiyo, mnacheka, lakini tulizifua, tukazianika, tukazipaka poda, zikarudi kazini. Sasa anika kitu Tukuyu uone! Mvua asubuhi, mvua mchana, jua likitoka ni kama limepotea njia. Ikabidi tuzitundike jikoni juu ya jiko la uji wa wagonjwa, na mpishi wetu akawa anatutukana kila siku ya Mungu, kwamba uji wake unanuka hospitali. Nikamwambia, baba, hii si hospitali? Hakuongea na mimi wiki mbili.

Halafu zikaingia enzi za ruksa. Mitumba ikajaa sokoni, redio, sabuni za kunukia, kila kitu. Maduka ya dawa ya watu binafsi nayo yakafunguliwa, mpaka dawa ambazo sisi tulikuwa tunazisoma vitabuni tu ukazikuta zimepangwa kabatini, zinang'aa nyuma ya kioo. Ila kadiri zilivyojaa huko, kwetu hospitalini zikapungua. Kisha likatobolewa dirisha pale mapokezi, likaitwa dirisha la kuchangia. Mgonjwa akawa anapita kwanza dirishani ndipo afike kwetu. Waraka ulisema wapo watakaosamehewa, na wenye UKIMWI wamo. Lakini ili mtu asamehewe, ugonjwa wake lazima uwe umeandikwa.

Hapo ndipo penye habari yangu.

Mnajua wenyewe misiba yetu Wanyakyusa. Mtu akifa Lufingo, wa Kisiba atakuja, wa Isongole atakuja, na wa Dar es Salaam atapanda basi. Siku ya kuzika, mchungaji akimaliza, unasomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, ameacha watoto wangapi, na ameugua nini. Watu wote wanatega masikio hapo kwenye ugonjwa. Hata waliokuwa wanachambua ndizi nyuma ya nyumba wanaacha visu. Na huo ugonjwa, familia ilikuwa inautoa kwenye karatasi ya hospitali. Yaani kwangu.

Basi wakawa wanakuja. Baba mtu mzima, mvi kichwani, ananivuta pembeni ya wodi. "Sista, tusitiri. Lile jina usituandikie." Mimi ni mtoto wa hapa. Najua binti wa nyumba hiyo hataposwa, najua watu hawatakula kwao. Namwandikia malaria. Mwingine kifua. Mwenye macho ya njano, manjano. Baada ya msiba naletewa mkungu wa ndizi mlangoni na "ndaga fijo, sista", asante sana. Sikula rushwa, nawaapia, maana mkungu ulikuja baada ya kuandika, sikuuomba. Lakini kushukuriwa nilikupenda, lazima niseme kweli. Nikipita sokoni wazee walinivulia kofia.

Matroni wetu alikuwa mama wa Bukoba, Matroni Koku tulimwita. Serikali ilimleta huku, akawa analalamikia baridi yetu miaka yote na kuvaa sweta mbili. Alinifundisha mengi: kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, kumpaka mwenye utando mweupe mdomoni ile dawa ya zambarau polepole kwa pamba bila kumtapisha. Siku moja akafungua kitabu changu.

"Subi, huyu umemwandika nini?"

"Malaria, matroni."

"Malaria gani inamkondesha mtu mwaka mzima na kumuotesha utando kooni?"

"Malaria sugu, matroni."

Akavua miwani. Hakunifokea, na heri angenifokea. "Kwetu na sisi ugonjwa huu tulianza kwa kuuita malaria sugu," akasema. "Kama unawaogopea majina, weka namba badala ya jina, kitabu kifungie kabatini, ufunguo uwe kwako. Ugonjwa uuandike kama ulivyo." Nikaitikia, ndiyo matroni. Alipoondoka nikasema moyoni, huyu mgeni, hawajui watu wa huku. Nikaendelea na malaria yangu.

Na hiyo manjano niseme kidogo, maana najua mpaka leo wapo wanaoiandika. Manjano ni rangi, wanangu. Mtu mwenye homa ya ini macho yanakuwa ya njano, mwenye malaria kali yanakuwa ya njano, aliyekunywa mitishamba ikamharibu ini, ya njano vile vile. Mimi wote nikawatupa kapu moja. Wengine nadhani walikuwa na homa ya ini ya kuambukiza, wakarudi nyumbani kwa wake zao na watoto wao, na mimi nimeandika rangi. Wangapi, sijui. Nilijifungia mwenyewe njia ya kujua.

Sasa nifike kwa Tusekile.

Tusekile alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo, wa Lufingo. Kwetu huyo si binamu, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Tumelala kitanda kimoja, tumechapwa na fimbo moja. Mume wake alikuwa mtu wa viazi, ananunua Isongole anapakia kwenye lori kwenda Dar es Salaam, na huko anakaa wiki, wiki mbili. Akatangulia yeye kufa. Nilimwandika kifua. Baadaye mdogo wangu akaanza. Homa, kuharisha, kisha ule utando ukashuka kooni. Nikawa nampaka zambarau, kazi bure, kinywa kinapona kidogo na koo linabaki kidonda. Mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, nilimpondea mpaka zikawa uji, nikatia maziwa, akimeza machozi yanamtoka.

Ya koo ilikuwepo dawa. Ilikuwa kabatini kwenye duka moja la dawa, nilikuwa naiona kila nikienda sokoni. Isingemponya UKIMWI, siwadanganyi, wakati ule dawa hizi mnazogawa leo hatukuwa nazo. Lakini angekula. Anayekula anapata nguvu ya kuishi siku nyingine. Na mdogo wangu alikuwa na haja moja tu duniani: bintiye Neema alikuwa darasa la tano, na alitaka amuone amalize la saba. Alikuwa anahesabu, la tano, la sita, la saba, kwa vidole.

Mimi na kamshahara kangu nilimnunulia ya siku chache, ikaisha, koo likafunga tena. Na msamaha wa dirishani, ambao ungetubakizia hela ya dawa hiyo, hakuupata, kwa sababu kwenye kitabu, huyo mdogo wangu mwenyewe, nilikuwa nimemwandika malaria. Nilijiambia namsitiri baba mdogo, baba yake mzazi.

Wakati huo nilikuwa nimefanywa mratibu wa UKIMWI wa wilaya, cheo kikubwa, ofisi stoo. Mganga mkuu wetu, kijana wa Tanga asiyechoka, akaniambia, "Sista, tusikae tunalia. Twende halmashauri tuombe fungu." Tukaandika ombi: dawa za koo na vidonda zinunuliwe na halmashauri zitolewe bure, vipimo viwepo, vya UKIMWI na vya homa ya ini, na usafiri wa kuwafikia wagonjwa majumbani. Wiki nzima tuliandika. Nilikuwa na moto, jamani. Nikaenda Lufingo kumwambia Tusekile.

Akakaa kitandani. "Nipeleke na mimi," akasema.

"Wapi?"

"Huko kwa madiwani. Wakisikia wewe unaongea watasinzia. Wakiniona mimi hawatasinzia."

"Tusekile, una wazimu? Utasimama mbele ya watu useme una nini?"

"Nitasema ninachougua. Dada, mdomo wangu wa zambarau huu, nani hajauona? Mnamficha nani?"

"Na Neema? Atakuja kuolewa na nani?"

"Neema ana miaka kumi na moja. Ana haja na mama, hana haja na mume."

Nikamwambia apumzike, nitamsemea mimi. Nikamfunika blanketi kama mtoto, nikaondoka. Yule alikuwa shahidi wangu, na nilimwacha kitandani.

Siku ya kikao nilivaa sare yangu mpya, na kitabu cha wodi nikakibeba mwenyewe, nimekizungushia nailoni kisilowe. Hakuna aliyenituma kukibeba. Nilikuwa najivunia. Niliona wakikiona kilivyo kinene, majina yalivyojaa, wenyewe watashtuka.

Mganga mkuu aliongea vizuri, nusu ya ukumbi wakawa wanatikisa vichwa kukubali. Mvua ilikuwa inapiga bati akawa anapaza sauti. Alipokaa, akasimama diwani mmoja. Jina lake naliacha, watoto wake wapo na ni watu wazuri. Mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Akaomba kitabu, nikampelekea kwa mikono miwili.

Akavaa miwani akasoma, kwa sauti. "Malaria. Malaria. Kifua. Manjano. Malaria. Malaria kali. Kifua." Akalamba kidole, akafungua ukurasa. "Malaria." Watu wakaanza kucheka. Nilijua ukurasa alioufikia, kwa sababu humo alikuwemo kaka yake. Kaka yake alikufa mikononi mwangu, na diwani huyu huyu ndiye aliyekuja kunivuta pembeni ya wodi. Kidole chake kilipofika pale kilisimama. Kikasimama kweli. Halafu akafungua ukurasa mwingine.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "mimi mkulima wa chai, shule yangu ndogo. Lakini tunaombwa hela ya ugonjwa ambao kwa kitabu chao wenyewe hatuna. Tulio nao ni malaria."

Mwenyekiti akanigeukia. "Sista, kitabu hiki ni chako?"

"Ni changu, mheshimiwa."

"Na uliyoandika humu ni kweli?"

Wanangu, swali lilikuwa jepesi. Ningesema si kweli. Ningesema malaria nyingi humo ni UKIMWI, nimeziandika kwa huruma, na manjano ile sijui hata ni nini, tupeni vipimo tujue. Nisingetaja jina la mtu hata mmoja. Lakini nilikuwa naangalia ukumbini naona wenye maiti zao: huyu shemeji, yule mke, huyu kaka. Wote wananiangalia, na kila mmoja jicho lake linaniomba. Na kingine, niseme chote: miaka ile watu wa serikali walikuwa wanapunguzwa kazi, orodha inabandikwa ukutani asubuhi unakuta jina lako. Nesi anayejitangaza kuwa amejaza uongo kwenye kitabu cha serikali, wa kwanza kupunguzwa si ndiye huyo? Niliogopa. Niliwaogopea wao kidogo, nikajiogopea mwenyewe sana.

"Ni kweli, mheshimiwa," nikasema.

Fungu likaenda kwa malaria. Vyandarua vikanunuliwa na dawa za malaria, na si kwamba ilikuwa vibaya, malaria nayo ilikuwa inaua. Lakini sehemu ya kitabu kile ilikuwa inadai fungu lake na mimi nilikiziba mdomo. Nje, mganga mkuu akanishikia mwavuli mpaka barabarani. Alikuwa anajua wagonjwa wale waliugua nini. "Sista," akasema, "ungeniambia tusije." Mwaka uliofuata akahamishwa.

Tusekile akaniuliza wamesemaje. Nikasema wamesema mwakani.

"Mwakani mbali, dada," akasema, akageukia ukutani.

Najua mnachotaka kuniuliza. Kwani baadaye haikubadilika? Ilibadilika. Dawa zikaja, za bure, watu wetu wakainuka vitandani wakarudi mashambani, nilishuhudia na nililia. Ila kabla ya hapo nimezika watu, na kila fungu tuliloomba baadaye tuliulizwa kitabu. Ilinichukua miaka kuanza kuandika kweli, na nilipoanza Matroni Koku alikuwa ameshastaafu, amerudi kwao kwenye joto. Sikuwahi kumwambia kwamba alikuwa sahihi. Barua niliianza mara tatu.

Na nyie mna kazi yenu. Mwenye UKIMWI leo anapewa dawa hapigi hodi dirishani. Wa homa ya ini bado nawaona wanahangaika, huyu anaambiwa kipimo kafanye mjini, huyu bima yake haimfikishi, huyu ameambiwa tu apunguze mafuta. Mtakwenda kuwasemea, na mnapaswa kwenda, na mtaulizwa wako wapi. Kwa hiyo kipimo kikisema homa ya ini B, andika homa ya ini B. Kipimo kikikosekana, andika kimekosekana, na hilo nalo ni dai. Jina la mtu lifunge kwa kufuli, kwa namba, kwa hizo namba za siri za kwenye mashine zenu. Ugonjwa usiufunge. Na mgonjwa akikuambia anataka kusimama aseme mwenyewe, mshike mkono umpeleke. Usimfunike blanketi.

Nimewazungusha kwa sababu sitaki kufika mwisho. Haya.

Neema alikuwa darasa la sita mama yake alipokufa. Kabla, Tusekile alinishika mkono, sauti imeshakatika, akaniambia, "Mimi usiniandikie malaria. Mume wangu umemwandika kifua watu wakacheka pembeni. Mimi niandike." Nikamwambia sawa. Nikamwahidi kwa jina la Mungu, Kyala ananisikia.

Siku ya kuzika, baba mdogo akaniletea kalamu. "Mwanangu," akasema, "wewe ndiye mwandishi wetu. Andika vizuri." Uwanja umejaa watu mpaka migombani. Nikakaa jikoni na karatasi. Nikaandika alizaliwa, alisoma, aliolewa, ameacha mtoto mmoja. Nikafika kwenye ugonjwa. Nikamsikia baba mdogo anakohoa mlangoni, hajaondoka, anasubiri.

Nikaandika malaria.

Kijana wa kanisa akausoma wasifu. Diwani yule yule akasimama kutoa salamu za serikali, kofia mkononi. Akasema marehemu alikuwa mtu wa watu. Akasema, "Ndugu zangu, malaria inatumaliza, mmesikia wenyewe. Ndiyo maana halmashauri yenu tuliona mbali, fungu tukalipeleka kwenye malaria. Tumshukuru Mungu kwa kutupa hekima ile."

Watu wote wakasema amina. Neema, amekaa ananiegemea magotini, akasema amina. Na mimi nikasema.